Ngao ya Maji Yasiyochemshwa

Kila asubuhi tulipitia ziwani kabla ya kwenda shule. Mimi nilibeba jerikeni ya lita tano, mdogo wangu Beverly alibeba kijerikeni kilichowahi kuwa cha mafuta ya kupikia, na kila Jumatatu tuliongeza kuni, kijiti kimoja kwa kila mtoto. Hiyo ilikuwa amri. Aliyefika bila maji alirudishwa ziwani, na aliyefika bila kuni alichapwa. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kendu Bay. Jina lake silitaji, kwa sababu baadhi ya walimu wale bado wanafundisha.

Mwaka ulikuwa 1998, nami nilikuwa darasa la saba na kiranja wa afya. Mvua kubwa za miezi iliyotangulia zilikuwa zimefurisha vyoo vya watu na kuusukuma uchafu wote ziwani, na kipindupindu kikapita vijijini kikibisha hodi nyumba hadi nyumba. Kwetu kilimchukua kaka yetu mdogo, Ken, aliyekuwa na miaka mitatu. Tangu tulipomzika, Mama hakuruhusu tone la maji liingie kinywani mwa mtoto wake kabla ya kuchemka. Alikuwa akiuza samaki sokoni, akarudi amechoka hoi, lakini sufuria ya maji ilitangulia sufuria ya ugali kila siku. Asubuhi alitupa mimi na Beverly chupa moja moja ya maji hayo twende nayo shuleni.

Shuleni nako afisa wa afya wa tarafa alikuwa ameagiza maji ya kunywa yachemshwe. Kulikuwa na sufuria kubwa, mafiga matatu, na mitungi mitatu ya udongo iliyowekwa mlangoni mwa darasa la pili ili watoto wadogo wanywe hapo. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Zadock Okelo, aliniita siku moja kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri.

"Jedidah, andika kwenye mitungi. Herufi kubwa, hata wa darasa la kwanza wasome."

Nikachukua brashi na rangi nyekundu, nikaandika ubavuni mwa kila mtungi: MAJI YALIYOCHEMSHWA. Nilitumia kipindi kizima. Nilirudi nyuma hatua tatu nikauangalia mwandiko wangu, nikaupenda sana.

Wiki mbili za kwanza maji yalichemshwa kweli. Wiki ya tatu kuni zilianza kupungua, na hazikupungua kwa uchawi. Zilikwenda kupika chai ya walimu ya saa nne na maharagwe yao ya saa saba. Kuni zetu, tulizobeba sisi vichwani! Jerikeni za maji ya ziwa sasa zilimiminwa moja kwa moja ndani ya mitungi, na maandishi yangu mekundu yakabaki pale pale yakisema yalichosema.

Nilikwenda ofisini kulalamika. Mwalimu Mkuu hakuinua hata macho.

"Maji yanalala kwenye mtungi, Jedidah. Uchafu unashuka chini, ya juu yanabaki safi na baridi. Bibi zetu walikunywa hivyo na wakazeeka."

Watu wengi kwetu waliamini hivyo, kwamba maji yakilala kwenye mtungi wa udongo husafika. Mama naye alikuwa akiamini, mpaka tulipomzika Ken. Maji ya mtungi huwa baridi, ndiyo, lakini baridi si dawa. Nilitaka kumwambia hayo, ila niligeuka nikatoka. Nani angesimama mbele ya Mwalimu Mkuu amfundishe habari ya maji?

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha Kiingereza, na kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa misemo. Siku moja aliandika ubaoni: *a feather in your cap*.

"Nani anajua maana?"

Elvis, mtundu wa darasa letu, aliinua mkono. "Ni kofia ya kuku, sir."

Darasa likaangua kicheko. Hata Mwalimu Mkuu alicheka kidogo, kisha akagonga ubao kwa chaki.

"Ni unyoya katika kofia yako. Zamani huko Ulaya, mtu aliyefanya tendo kubwa alichomekewa unyoya kofiani ili kila mtu ajue. Siku hizi hakuna unyoya wala kofia. Tunautumia msemo huu mtu anapofanikisha jambo la kujivunia, jambo linalomwongezea heshima. Msichana akishinda mbio za wilaya, ushindi huo ni unyoya katika kofia yake. Elvis akimaliza sahani ya ugali, hiyo si unyoya. Hiyo ni njaa."

"Lakini sir," Elvis alisema, safari hii bila utani, "babu yangu alikuwa na kofia ya manyoya ya mbuni. Alituambia mtu hakujivika tu. Watu walitaka kujua kwanza umefanya nini."

"Umenena! Basi sikilizeni. Tarafa imetangaza mashindano ya usafi wa shule. Tutashinda ngao ile. Itakuwa unyoya katika kofia yangu." Akakohoa. "Katika kofia yetu."

Kusema kweli, nilimwelewa. Katika mtihani wa darasa la nane shule yetu ilikuwa imeshika mkia miaka miwili mfululizo, na wazazi walikuwa wakiwahamisha watoto wao. Alihitaji kitu kimoja tu kizuri cha kuwaonyesha watu. Lakini kumwelewa mtu hakunizuii kumkasirikia, na mpaka leo nikikumbuka wiki zilizofuata damu hunichemka.

Siku ya ukaguzi ilipofika, mafiga yaliwaka tangu alfajiri. Walimu walikosa chai siku hiyo. Vyoo vilimwagiwa jivu, sabuni zikawekwa kila kona, na maji yakachemka mpaka mvuke ukajaza uwanja. Afisa wa afya, Bwana Onsongo, alifunua mitungi mmoja mmoja, akainama akanusa, akasoma maandishi yangu. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye kiranja wa afya? Maji haya yanachemshwa kila siku?"

Nyuma ya bega lake Mwalimu Mkuu alinitazama.

"Kila siku, bwana," nikajibu.

Tulishinda. Ngao ililetwa shuleni Ijumaa iliyofuata, ya mbao iliyong'arishwa kwa vanishi. Mwalimu Mkuu aliiinua juu gwarideni, kisha akaniita mbele. Alinishika bega, akatamka polepole kwa Kiingereza chake cha kutafuna, "Jedidah, this is a feather in your cap." Shule nzima ikapiga makofi. Beverly alipiga kuliko wote, akiwaambia wenzake wa darasa la pili, "Ni dada yangu! Ni dada yangu yule!" Nami nilifurahi. Nisidanganye mara ya pili: nilifurahi mpaka nikasahau.

Jumatatu kuni zilirudi kwenye chai. Niliona kwa macho yangu jerikeni za ziwa zikimiminwa mitungini, nami nikapita nikielekea darasani. Safari hii sikwenda ofisini. Mtu aliyepigiwa makofi na shule nzima angeanzaje kusema kwamba makofi yale yalikuwa ya bure? Nilikuwa na chupa yangu ya maji ya nyumbani. Nilikunywa hiyo.

Siku hiyo hiyo Beverly alipoteza kifuniko cha chupa yake, na Mama hakuwa na chupa nyingine. "Ukisikia kiu njoo unywe yangu," nilimwambia. Lakini darasa la saba lilikuwa mwisho mwingine wa uwanja, na kengele ya mapumziko ilikuwa fupi, na yeye alikuwa na miaka saba. Tena mwaka ule ndio aliokuwa amejua kusoma. Alisoma kila kitu kwa sauti: mabango ya maduka, mifuko ya sukari, maandishi nyuma ya malori. Hukuweza kumnyamazisha.

Jumatano asubuhi, tulipokuwa tukivaa sare, Beverly alikimbilia chooni. Akarudi, akakimbia tena. Mara ya nne hakuweza kukimbia. Kilichomtoka kilikuwa kama maji ya mchele, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. Mama aliangusha beseni la samaki. Alikijua kile alichokuwa akikitazama, kwa maana alikuwa amekiona kwa Ken.

Jirani yetu alitoa baiskeli, Mama akakaa nyuma na Beverly amefungwa kifuani kwa leso. Mimi nilikimbia nyuma yao njia yote mpaka hospitalini.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Nyasuguta, Mkuria wa Kehancha, ambaye hakujua lugha yetu ya Dholuo, hivyo wote walisema naye Kiswahili. Alimtundikia Beverly dripu kabla hata hajauliza jina. Alipomaliza kuifunga sindano, alimgeukia Mama kwa hasira.

"Mama, tumepita vijijini kwenu mara ngapi? Tumesema chemsheni maji, chemsheni maji. Mpaka mtoto afike hapa hivi?"

"Sista, mimi nachemsha," Mama alisema. "Kila siku nachemsha. Maji ya kwangu haina uchafu."

"Kila mama anayekuja hapa anachemsha. Nikiwauliza, wote wanachemsha. Sasa huu ugonjwa umetoka mbinguni?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Mmoja alitikisa kichwa. Mama, aliyenunua kuni za kuchemshia maji hata siku ambazo hatukuwa na mboga, alisimama pale akihukumiwa kuwa mchafu na mwongo. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na sijawahi kukasirika hivyo, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Ndipo Beverly akafungua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nilikunywa ya shule. Kwa mtungi."

Nyasuguta aliinama. "Kwa nini ulikunywa ya shule, mama?"

"Imeandikwa maji yaliyochemshwa. Nilisoma mwenyewe."

"Nani aliandika?"

"Jedidah."

Mama na muuguzi walinitazama. Ningeweza kusema kwamba nilitumwa niandike, na ingekuwa kweli. Lakini nilimtazama mdogo wangu, midomo imekauka, ameyaamini maneno kwa sababu dada yake ndiye aliyeyaandika, na ukweli wote ukanitoka kama matapishi.

"Hayachemshwi," nikasema. "Yanatoka ziwani moja kwa moja. Kuni wanapikia chai. Yalichemshwa siku ya ukaguzi tu, na afisa aliniuliza nikamwambia ni kila siku. Nilijua. Mimi nilikuwa nakunywa yangu ya nyumbani."

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Ulijua?" aliuliza kwa Dholuo. "Ulimzika Ken pamoja nami, na ulijua?"

Nyasuguta alinikamata mkono. "Ni watoto wangapi wanakunywa hapo?"

"Darasa la kwanza mpaka la tatu."

"Na leo?"

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Kengele ya mapumziko ilikuwa saa nne.

"Nenda," Mama alisema. "Nenda ukayamwage. Usisimame hapa."

Nilikimbia kama nilivyokuja. Nilipoingia langoni kengele ilikuwa inalia, na wale wadogo walikuwa wamekwisha kuanza kusukumana mlangoni mwa darasa la pili, mmoja ameshika kikombe. Nilimpokonya. Niliukumbatia mtungi wa kwanza nikaupindua, maji yakatiririka uwanjani mpaka miguuni mwao, wakapiga kelele. Nikapindua wa pili. Nilikuwa nimeushika wa tatu Mwalimu Mkuu alipotoka ofisini, kikombe cha chai mkono mmoja na fimbo mkono mwingine.

"Jedidah! Una wazimu?"

"Beverly ana kipindupindu, Mwalimu. Yuko hospitalini na dripu. Alikunywa hapa."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!" Sikuwahi kumjibu mwalimu hivyo, lakini sauti ilikuwa imekwisha kutoka. "Hayachemshwi! Mnajua hayachemshwi! Kuni tunazobeba sisi mnapikia chai!"

Walimu walikuwa wamesimama mlangoni mwa ofisi yao. Mwalimu Mkuu aliinua fimbo.

"Nani alimwambia Bwana Onsongo ni kila siku? Si wewe? Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilidanganya. Nawe ulikuwa unanitazama, Mwalimu, na ulitaka nidanganye."

Nikaumimina mtungi wa tatu.

Fimbo ikashuka bila kumgusa mtu. Mwalimu Mkuu aliyatazama maji yaliyokuwa yakitafuta njia kati ya miguu ya watoto, akakitazama kikombe chake cha chai, akakiweka chini ukingoni mwa baraza. Alipouliza, aliuliza polepole.

"Anaendeleaje?"

"Sijui."

Alimgeukia mwalimu wa zamu. "Piga kengele. Kila darasa lihesabiwe. Nani anaumwa tumbo, nani hakuja leo, nataka majina sasa hivi." Halafu akaingia ofisini, akatoka na ngao chini ya kwapa, akashika kwa miguu njia ya hospitali, ilikokuwa ofisi ya Bwana Onsongo.

Watoto watatu wengine walikuwa wameanza kuhara. Mmoja alikuwa amelala nyumbani, bibi yake akimpa uji wa wimbi na kungoja. Walifuatwa wote siku ile ile, wakatibiwa, na hakuna aliyekufa. Mwalimu Mkuu alimkabidhi Bwana Onsongo ngao mikononi na kumweleza ukweli. Alipewa barua kali na wakubwa wake, nasi tuliondolewa kwenye mashindano. Kuni zikapata sheria mpya: hakuna moto wa chai kabla mitungi haijajaa maji yaliyochemka. Siku mbili za kwanza walimu walinuna. Siku ya tatu walikuja wenyewe kupepea moto.

Ijumaa Nyasuguta alikuja shuleni kuzungumza nasi gwarideni. Alivaa sare yake nyeupe, na hakuwa na tabasamu hata moja.

"Mwalimu wenu amenieleza msemo mliofundishwa, wa unyoya katika kofia," alisema. "Msemo hauna kosa. Utumieni. Mtu akifanya jambo kubwa, mwambieni, umejipatia unyoya, na yeye atembee kichwa juu. Lakini unyoya hauchemshi maji. Unaonyesha tu kwamba maji yalichemshwa. Ukiuvaa kabla ya kazi, umevaa manyoya ya kuku wa jirani, na jirani anawajua kuku wake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Safari hii kilio kimetukosa kidogo tu."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Aliinamisha kichwa na hakujaribu kuficha.

Kisha Nyasuguta aliniita kando, mbali na wengine.

"Kiranja, unadhani ulikosa wapi?"

"Nilipomdanganya afisa."

"Hapo, ndiyo. Lakini kuna pabaya zaidi. Siku zile zote ulikuwa unakunywa maji ya mama yako, ukijua wenzako wanakunywa ya ziwa. Kusema uongo mbele ya mkubwa, mtoto anaweza kuogopa. Lakini kujiokoa mwenyewe na kunyamaza? Usifanye hivyo tena maisha yako yote."

Nililia. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa nifute uso, akasema nirudi darasani.

Nilikwangua maandishi ya zamani kwa jiwe, nikaandika upya. Sasa kila asubuhi niliongeza tarehe kwa chaki chini yake, baada ya kuona povu la maji kwa macho yangu. Beverly alirudi shuleni Jumatano iliyofuata, shingo imekonda, sare imemlegea. Mapumzikoni nilimwona amesimama mbele ya mtungi na kikombe mkononi. Alisoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno, kama zamani. Lakini hakuchota. Aligeuka akanitazama.

"Ni kweli?" akaniuliza.

Nilisema ni kweli, na bado hakuchota. Basi nikachukua kikombe kutoka mkononi mwake, nikakijaza, nikanywa chote mbele yake. Alingoja mpaka nimemeza. Ndipo akanyoosha mkono, na mpaka muhula ulipokwisha nilifanya hivyo kila siku.